Kifungo Kimetoka Tena

Fundi cherehani alipoacha pombe, pombe haikuondoka peke yake. Ilibeba na marafiki. Wale waliokuwa wakimwita "kaka" hadi mtaa wa pili wasikie, sasa wakipita mlangoni kwake walikuwa na shughuli nyingi kwenye simu. Alibaki na cherehani, na cherehani haina stori.

Mchana haukumsumbua. Kasheshe ilikuwa jioni, baa ya ng'ambo ikifungulia muziki. Alijijua: akikaa peke yake, miguu ingevuka barabara kabla kichwa hakijaulizwa.

Akabuni ujanja. Kila shati alilolishona, kifungo kimoja alikishikiza kwa uzi wa kuzugia tu, ukatike upesi. Siku chache tu, mteja huyo kibarazani.

"Fundi, kifungo kimetoka tena."

"Pole, jirani. Kaa kwenye benchi, sasa hivi tu."

Hiyo "sasa hivi" ilikula saa nzima. Watu walikaa, wakapiga soga, wakacheka, na hamu ya chupa ikapita bila kubisha hodi.

Za mwizi arobaini. Dada yake, ndiye aliyemshika mkono mpaka akaacha ulevi, alikivuta kifungo cha gauni lake kikamfuata kidoleni.

"Mdogo wangu, unafanya makusudi?"

"Nikikaa peke yangu nitakunywa, dada."

"Na wateja wakikuchoka je? Si ndiyo utakaa peke yako kabisa?"

 Toka siku hiyo akashona vifungo kwa uzi wa kukunja mara mbili, akakaza mafundo, akaanza kuzisubiri jioni zake kwa woga.

Ya kwanza ilikuwa kimya. Muziki ulipoanza alishika kiti kwa mikono miwili. Ya pili, akaja mwalimu mstaafu na shati.

"Kifungo kimetoka tena."

Fundi akalitazama. Fundo lake lilikuwa pale pale, zima. Uzi ndio uliokatwa, tena safi.

"Mwalimu, hiki kimekatwa kwa mkasi."

"Panya hao."

"Panya wenye mkasi?"

"Siku hizi wamesoma," mwalimu akasema, akaketi.

Fundi akajaribu kutunga sindano, akalikosa tundu, akalikosa tena. Machozi yalikuwa yamemjaa, na hakuyaonea haya. Mwalimu akasogea kwenye benchi kumpisha mwenye bucha, aliyekuwa anavuka barabara na shati lisilo na kifungo hata kimoja.