Poster ya mgombea ilivyookoa sura ya marehemu ukutani Lumino

Wakuu, hamjambo humu ndani. Leo sina ubishi wa siasa wala mpira. Nina kisa kilichonikuta kazini, na chumvi sijaongeza hata punje.

Mimi ni mchoraji wa kuta, nakaa Busia upande wa Kenya. Juzi kati nilivuka mpaka kwenda Lumino, Uganda, kwa mjane mmoja tumwite Mama Nafula.

Marehemu mumewe alikuwa fundi baiskeli. Enzi za uhai wake alichorwa ukutani kwenye kibanda chake, kichwa na mabega, shati jekundu.

Shida ni kwamba ukuta ule unatazama magharibi. Jua la mchana linaupiga mpaka linazama.

Nilikuta nusu ya uso imepauka kabisa. Midomo haipo, jicho limebaki doa. (Wasiojua: nyekundu na njano za bei rahisi ndizo hukimbia kwanza, nyeusi huvumilia.)

Picha nyingine hakuna, nyumba iliungua na kila kitu. Na Nafula, mtoto wao wa pekee, alizaliwa baba akiwa ameshazikwa. Mama alitaka binti yake amjue baba kwa sura, basi.

Nikakisia sura kwa chaki. Mama akatazama, akatikisa kichwa.

"Huyu si yeye. Hii ni mtu ingine."

Nikafuta, nikakisia tena. Jibu lile lile. Nikaishiwa nguvu.

Sasa, nusu ya pili ya uso ilikuwa chini ya poster ya mgombea. Vijana wa kampeni waliibandika mchoro ukiwa bado mpya, mama akawatukana mpaka sauti ikakauka, ila aliogopa kuibandua isije ikang'oka na rangi.

Nikamuuliza walitumia gundi gani. Akasema uji wa muhogo.

Hapo nikapata akili. Mchoro ni rangi ya mafuta, maji hayaidhuru. Nikalowesha gunia, nikaliegemeza pale mpaka uji ukalainika, nikaanza kuvuta karatasi taratibu.

Wakuu, nilishika mdomo.

Chini yake rangi ilikuwa kama ya jana. Bega jekundu kama nyanya iliyoiva. Jicho zima, na mikunjo yake pembeni. Rangi moja, ukuta mmoja, tofauti ni karatasi tu. Miaka yote hii nachora na sikuwahi kuona jua likiumbuliwa hivyo.

Mama aliinama akalitazama lile jicho.

"Ni yeye," akasema. "Jicho yake ilikuwa nacheka mbele ya mdomo."

Nafula akasogea, akaligusa lile jicho.

"Ni kama yangu."

Nikamtazama mtoto usoni. Na kweli lilikuwa lake.

Nusu iliyobaki nilinakili kutoka ile nzima. Nikapiga clear coat ya nje, mpako usio na rangi wenye kinga ya miale ya jua (UV), siyo vanishi ya fanicha, ile hugeuka njano. Hata hiyo clear coat huchoka, lazima irudiwe.

Nilichojifunza: dawa ya kwanza ya mchoro ni kivuli. Nimemshauri mama arefushe mabati ya kibanda.

Yule mgombea alianguka vibaya, lakini angegombea leo kura yangu anayo.

Wenye uzoefu wa clear coat inayodumu kwenye jua letu hili, shusheni maoni.

Mabati bado hayajapatikana. Kila jua likigeukia magharibi, Nafula anapanda kiti na kumfunika baba yake leso ya mama.