Mfuko wa Nguo Uliokwenda Karasha

Nilipofika Nyakunguru kukaa na dada yangu, yeye alikuwa na mimba ya miezi sita na mimi nilikuwa na begi lililovimba kumshinda. Alinikumbatia mlangoni, akaliangalia begi, akacheka.

"Mdogo wangu, wewe utalala. Hilo nalo litalala wapi?"

Nilidhani ananitania. Nilipoingia ndani nikaona hakuna utani. Chumba kilikuwa kimoja, mabati juu na mabati ubavuni, na ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta mbili kwa mpigo. Kulikuwa na kitanda, jiko la mkaa, ndoo tatu, godoro dogo la kwangu limesimamishwa ukutani, na mawe. Hayo mawe ndiyo yaliyokuwa wenye nyumba. Shemeji yangu alikuwa mchimbaji mdogo, anashuka kwenye duara moja, yaani shimo la dhahabu, na wenzake, na kila akipata mgao wake wa mawe aliuleta nyumbani kwenye mifuko ya sandarusi na kuusukuma mvunguni. Hapo mifuko ilisubiri mpaka itimie ya kupeleka karasha, ile mashine ya kusagia.

"Mawe ya dhahabu hayalali nje, shemeji," alinieleza siku ya kwanza, kama mtu anayemweleza mgeni choo kiko wapi. "Ukiyalaza nje, asubuhi unakuta yameshaoa kwingine."

Basi nikaanza safari ya kutafutia nguo mahali pa kukaa. Mimi shule niliishia kidato cha pili, lakini kwa kuota ndoto ningekuwa profesa. Nyumbani Nyambureti nilikuwa nikilala naota kabati la milango mitatu, lenye kioo katikati, na ndani nguo nilizoshona mwenyewe zimening'inia kwa rangi. Pale Nyakunguru nikaanza na misumari. Nilipigilia minne kwenye nguzo, nikatundika magauni, na baada ya wiki moja yote yakawa na rangi moja, ya vumbi la karasha. Nikahamia kwenye katoni ya sabuni. Mchwa wakaipenda kuliko mimi, wakala kona yote pamoja na mkono wa sweta. Nikafunga kamba kona hadi kona, lakini shemeji alikuwa mrefu, kila akiinuka asubuhi alikuwa anavaa sketi yangu usoni.

"Leo nimeamkia harusini," alikuwa anasema, akiitoa taratibu. Hakuwa mtu wa hasira.

Mwishowe niligundua foronya. Nguo zangu zote nilizisokomeza ndani ya foronya mbili, nikawa na mto mnene kama wa mgonjwa. Kila nikitaka blauzi nilikuwa natoa mto mzima utumbo. Nguo za kwenda kanisani nilizilaza chini ya godoro, zikawa zinajipiga pasi zenyewe. Nguo za duarani za shemeji hazikuwahi kuingia ndani. Hizo zilivuliwa nje na kufuliwa kwenye beseni lake peke yake, na maji yake hayamwagwi. Tulikuwa tunayaacha yatulie, tope la chini linawekwa kwenye ndoo, kwa sababu huwezi kujua mtu amepanda juu na nini kwenye mfuko wa suruali.

Mpaka hapo ilikuwa shida ya kuchekesha. Ikaacha kuchekesha mtoto alipoanza kuwa na nguo.

Hii ilikuwa mimba ya pili ya dada. Ya kwanza uchungu ulimkuta ghafla, akafika hospitali na gauni alilovaa tu. Mtoto alipokelewa kwa kanga ya kuazima, ya mama mmoja wa kitanda cha jirani. Aliishi siku mbili, akazikwa na kanga ile ile. Dada hakuwahi kunisimulia akilia. Alinisimulia akichambua maharage, macho yakiwa kwenye ungo.

"Huyu hapokelewi kwa nguo ya kuazima," alisema. "Sitoki hapa mikono mitupu. Hata nesi aseme nini."

Na nesi wa kliniki alikuwa ameshasema. Kwa yaliyompata mara ya kwanza, asisubiri uchungu nyumbani. Wiki mbili kabla, siku ya Jumatatu, aende akakae wodi ya wanaosubiri. Kwa hiyo miezi ile yote tulikuwa tunakusanya. Nilinunua kitenge cha bluu chenye mapambo ya tausi, nikajishonea sketi, kilichobaki nikamshonea mtoto shuka ya kumfunika. Nilishona kwa mkono vigauni vitatu vya fulana laini, visivyo na mshono shingoni ili visimkwaruze. Shangazi yake shemeji, anayekaa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, alikuja kutusalimia na sweta za kichanga, soksi, na kofia ya njano. Alisimama katikati ya chumba akageuka mara moja, maana mara mbili nafasi haikuwepo.

"Haki ya nani, mnalala na mawe? Na hizi nguo za mtoto mtaeka wapi? Kwa masikio?"

Shemeji akajikuna kichwa. Baada ya shangazi kuondoka alivuta mfuko mmoja wa mawe, akaupeleka kwa mwenzake, akaniambia, "Haya. Nafasi ya mfuko mmoja mvunguni, pale ukutani. Usizidishe."

Nilifurahi kama nimepewa kiwanja. Nikachukua mfuko mpya wa sandarusi, nikaukung'uta, nikapanga ndani vitenge vya dada, mpira wa kulalia, sabuni, beseni dogo, na nguo zote za mtoto zimefungwa kwenye ile shuka ya bluu. Vumbi lisingepenya. Halafu nikafunga mdomo wa mfuko kwa kitambaa. Hapo ndipo nilipokosea.

Kule kila mchimbaji anafunga mifuko yake kwa kitambaa chake, ili ikifika karasha isichanganyike na ya wengine. Kuna wa kitambaa chekundu, kuna wa mpira wa baiskeli, kuna mmoja alikuwa anafunga kwa tai. Shemeji alikuwa amenichekea siku nashona: "Niachie mabaki ya hicho kitenge, mifuko yangu nayo ivae." Nikamkatia vipande. Mifuko yote mvunguni ikawa na kilemba cha bluu cha tausi. Na mimi, na akili zangu za fundi, nikaona na wa mtoto ufanane na wenzake.

Jumatatu ile nilikwenda kisimani mapema ili dada aondoke ameoga vizuri. Niliporudi alikuwa bafuni na maji aliyochota mwenyewe, akiniimbia kwamba nimechelewa. Kijana wa bodaboda, jirani yetu, alikuwa ameshafika kumpeleka dada barabarani kwenye magari. Nikaingia kuchukua mfuko.

Mvungu ulikuwa mtupu. Nilipiga magoti nikapapasa mpaka ukutani, nikapata buibui.

"Mawe yameenda wapi?" nilimuuliza kijana wa bodaboda.

"Si nilipishana nao mapema hapo njiani? Shemeji yako na vijana wawili wa toroli. Zamu yenu ya karasha imefika."

Wale vijana waliambiwa wabebe mifuko yote yenye kitambaa cha bluu, nao wakabeba. Shemeji alikuwa nje ameshika toroli lisipinduke. Aliyebahatika kubeba mfuko wangu bila shaka aliona umekuwa mwepesi, lakini nani analalamikia mzigo mwepesi?

Dada alitoka bafuni na kanga kifuani, akaona sura yangu, akaangalia mvunguni. Alikaa kitandani, akaweka mikono juu ya tumbo.

"Mimi siendi," alisema. "Nilikwambia siendi mikono mitupu."

"Dada, nitakuletea."

"Zilete ndiyo niende."

Nikarukia pikipiki. "Karasha!" nikamwambia kijana, na kwa mara ya kwanza maishani sikumwambia aende polepole.

Uwanja wa karasha ulikuwa unanguruma. Vijana walikuwa wamekaa chini wakipasua mawe kwa nyundo kabla ya kuyamimina kwenye mashine, nyuso zao nyeupe kwa vumbi. Mwenye karasha alikuwa mama mmoja mnene, mtandio kichwani, amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Pembeni niliiona mifuko yetu, bluu kwa bluu, iko kwenye foleni. Miwili ilikuwa imeshafunguliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Kuna mfuko wangu pale, umekuja kwa makosa. Una nguo."

Alinitazama kama mtu anayetazama mvua. "Binti, hapa kila siku kuna mtu anakuja na hadithi. Juzi mwanaume mzima alikuja analia, eti kwenye mfuko kuna cheti chake cha ndoa. Mfuko ukishaingia hapa haufunguliwi bila mwenye kitambaa chake."

"Mwenyewe ni shemeji yangu."

"Na ameshashuka duarani. Atapanda jioni. Umsubiri."

"Siwezi kusubiri, mama. Dada yangu anatakiwa hospitali leo na nguo za mtoto ziko humo. Amekataa kuondoka bila hizo." Nikashika sketi yangu nikaivuta mbele. "Hicho kitambaa nimekikata mimi. Tazama. Tausi yule yule."

Aliinama, akaangalia sketi, akaangalia mifuko. Vijana wa nyundo wakaacha kupasua.

"Kweli, mura, hata bawa limekatikia hapo hapo," mmoja akamwambia mwenzake.

"Nyamaza wewe, pasua mawe," mama akamkatiza. Lakini alikuwa ameinuka. "Kitambaa nimekiona. Mifuko iko saba. Upi?"

Kwa macho sikuweza kujua, maana ilikuwa imerundikwa imelala. Nikanyoosha mkono nipapase, akanizuia.

"Usiguse. Mkono wa mtu hauingii kwenye mifuko yangu. Mimi nimekalia mawe tangu wewe hujaota meno."

Akaenda, akakaa juu ya mfuko wa kwanza. Akatikisa kichwa. Akainuka, akakaa wa pili. Vijana wakaanza kuguna, mwingine akajificha uso kwa kofia. Wa tatu, hapana. Mimi nilikuwa nimesimama nimekunja vidole, nawaza ile miwili iliyofunguliwa, nataka kucheka na nataka kulia, sijui nianze na kipi. Wa nne, akakaa, na akazama.

Alitulia pale, mikono magotini.

"Huu umenikaribisha," alisema.

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Mama hakucheka. Aliwaita vijana wawili waje wawe mashahidi, akafungua kile kilemba cha bluu yeye mwenyewe, akaingiza mkono. Mkono ukatoka na soksi moja, ndogo kama kidole gumba. Akaiweka kiganjani, akanigeukia.

"Wa kwanza?"

"Wa pili. Wa kwanza hakukaa."

Aliirudisha soksi ndani kwa vidole viwili, asiichafue, akafunga mfuko, halafu akaingia ndani kwake akatoka na mfuko mpya ambao haujawahi kuona jiwe. Akauvisha juu ya ule wetu, akaufunga kwa kamba ya katani.

"Sasa hakuna wa kukosea. Nenda. Na mwambie shemeji yako, mtu hatunzi mawe na mtoto kwenye mvungu mmoja."

Njia nzima nilikuwa nimekumbatia mfuko, kifua changu kimekuwa chepesi, nikamwimbia kijana wa bodaboda wimbo wa kwaya sikioni mpaka akaniomba nipunguze. Dada alikuwa bado amekaa pale pale kitandani, kanga ile ile. Nilimwekea mfuko mapajani. Akafungua, akatoa kitu kimoja kimoja, akanusa kofia ya njano, akahesabu vigauni: kimoja, viwili, vitatu. Halafu akavuta pumzi ndefu, akasema, "Nisaidie kuvaa viatu. Vidole siku hizi sivioni."

Mtoto alifika siku ya kumi na moja tangu tufike hospitali, wa kike, mwenye sauti. Nesi alipotoka mlangoni kuuliza nguo zake, nilimpa shuka ya bluu kabla hajamaliza sentensi. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia kidogo, kilio cha kushiba tu.

Shemeji alipopata habari yote hakujitetea. Alisema salamu za mama wa karasha zilimfikia alipopanda tu kutoka duarani, kabla hajafika nyumbani, tena uwanja mzima ulimfikishia. Tuliporudi na mtoto tulikuta amejenga kibanda cha mabati nyuma ya chumba, kimeegemea ukuta, na mawe yote yamehamia huko. Na yeye pia. Alikuwa ametandika mkeka juu ya mifuko.

"Si ulisema hayalali nje?" dada akamuuliza.

"Hayalali nje peke yake," akajibu.

Mvungu ulikuwa umefagiliwa, umenyunyiziwa maji, umetandikwa plastiki. Nguo za mtoto upande wa kichwani, za dada katikati, zangu miguuni, na bado pakabaki mahali pa nguo chache za shemeji. Nikazitoa zangu kwenye foronya, nikazikunja moja moja, sikuharakisha. Mawingu yalianza kukusanyika jioni hiyo, na baada ya muda tukamsikia shemeji anagonga bati kwa nje.

"Shemeji! Sweta langu lile zito, hebu litafute."

Sikutafuta. Niliingiza mkono mara moja tu, nikampitishia dirishani.