Kazi Ilikuwa na Mwenyewe

Ile asubuhi ya Kabuta naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nikiikumbuka damu inachemka. Usinicheke. Najua kichwa changu hakina hata unywele mweupe mumoja. Lakini kwenye kambi yetu, mutu akishazaa wawili na akawa na shamba la muhogo, watoto wanamuita muzee, naye vijana kama weye anawaita mwanangu, na ukishaitwa muzee lazima useme kitu. Basi nasema. Nimesikia umekubali kazi mpya, na tangu uikubali chakula hakikupiti. Kaa hapa karibu.

Wakati ule nilikuwa musichana tu. Tulishatoka Kenani, kambi ya wakimbizi walipotupokea tulipovuka kutoka Pweto, upande wa Kongo, tukapewa kipande cha shamba. Siku za soko nilifunga sombe, majani ya muhogo, kwenye baiskeli mpaka Kabuta kando ya ziwa, nikawauzia wavuvi. Nilikuwa mutu wa kucheka sana, na wa ndoto. Nikiuza fungu moja la sombe, kichwani tayari nimefungua duka, nimelipaka rangi ya bluu, nimeweka na redio. Mama yangu alikuwa anasema, "Mapendo, weye unaezeka nyumba yenye haina ukuta."

Pale ufukweni kulikuwa na mwenye mitumbwi, jina lake Kapasa. Siku moja akanisikia nabishana bei na Wabemba kwa Kibemba, na Wakongo kwa Kiswahili, wote tukicheka. Akaniita.

"Weye mutoto wa Kongo, luga unazijua, mikono unayo. Njoo uanike chisense zangu."

Chisense ni zile samaki ndogo kama kidole cha mutoto. Zinavuliwa kwa taa, asubuhi zinatandazwa muchangani zikauke. Hakuwa amemaliza kusema, mimi nilishasema eya, ndiyo yao Wabemba. Eya mukwai! Sikuuliza hata kwa nini kazi nzuri hivi iko wazi. Wakubwa walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza: ujinga ni kushangilia kabla ya kuuliza.

Ufukweni kule hakuna karatasi. Patro, yule mwenye mutumbwi, anamwaga beseni ya samaki mbele ya wapiga kasia wote. Mwanamuke akizitandaza kwa mikono yake, basi, amekuwa mwanikaji wa mutumbwi ule. Na mutumbwi mumoja una mwanikaji mumoja. Wenyeji wanalijua hilo tangu wako mugongoni kwa mama. Mimi mugeni sikulijua. Nikatandaza huku naimba.

Wanaume walikunja nyavu wakiangalia chini, mpaka Chola, mupiga kasia mwenye maneno mengi, akauliza, "Na Bana Mulenga je, patro?"

"Bana Mulenga mikono imechoka," Kapasa akasema. "Anageuza samaki kama anabembeleza mutoto alale."

Wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuogopa kukosa kazi.

Bana Mulenga! Mwanangu, yule mama yake Mulenga, mujane, ndiye alinisogezea nafasi sokoni siku yangu ya kwanza, wenzake wakinung'unika kwamba wakimbizi wanajaza soko. Ndiye alinifundisha namna ya kusalimia wakubwa kwa Kibemba, nikikosea ananipiga kidole. Na asubuhi ile ndiye alitokea na ufagio wake wa majani na gunia lake begani, amekuja kuanza kazi, maana hakuna aliyemuambia. Aliangalia samaki zimetandazwa pale alipofagia miaka yote. Akaangalia mikono yangu imejaa magamba. Akageuka, akaenda.

Mugeni njoo, mwenyeji apone, ndiyo vile tunasema. Siku ile mugeni alikuja na mwenyeji akafukuzwa. Na Kapasa hakufungua mudomo mbele yake! Aliichukua mikono yangu, akaitumia kusema lile neno ambalo ulimi wake uliogopa. Hilo ndilo linaniunguza mpaka leo.

Jioni nikaenda kwa Bana Mulenga. Alikuwa anasonga bwali, ugali wao. Nikamuambia, na nilidhani atanikumbatia, "Mama, kesho siendi. Nitabaki nyumbani tu, Kapasa ataelewa mwenyewe. Nafasi yako nimekurudishia."

Akauchomoa mwiko kwenye sufuria.

"Umenirudishia? Ilikuwa yako lini?"

Akaugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

"Kesho wale wanaume wanarudi na samaki mubichi. Nani atatandaza? Zile za leo nani atageuza? Kapasa hali chisense, anakula kuku. Wenye kulala njaa ni watoto wa Chola. Na miye, nani alikutuma unihurumie? Ulikuja kuniuliza?"

"Hapana, mama."

"Eya umeisema mbele ya watu, awe, hapana yako, unataka kuisemea ndani ya blanketi! Hasira yangu ni ya Kapasa, mwana. Usinilazimishe nikuongeze na weye, mwiko niko nao mumoja tu."

Nikaona haya, nikataka kucheka, nikataka kulia. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kazi ninaitaka. Nikasema naitaka, nyumbani tunaihitaji, lakini siitaki namna hii.

"Basi enda ukaseme vile. Kwa miguu yako."

Kesho yake niliwahi ufukweni. Nikazigeuza samaki za jana mpaka jua likazikausha, nikazijaza guniani. Za asubuhi ile zilikuwa bado kwenye beseni zinaningoja. Nikamsimamia Kapasa mbele ya watu walewale, nikamuita Ba kwa heshima.

"Ba Kapasa, nilikubali bila kujua kazi ina mwenyewe. Samaki za jana hizi hapa, zimekauka. Za leo sizitandazi."

Hakunijibu mimi. Aliwageukia watu. "Wakimbizi! Unga wa bure umewazoeza kuchagua."

Unga wa bure! Mama yangu alilima lile pori tulilopewa mpaka viganja vikapasuka. Nikasema, "Unga ule uliisha zamani, Ba Kapasa. Na kama ni kuchagua, nachagua patro anayeweza kumuambia mama muzee kwaheri."

Chola akakohoa. Najua kikohozi kile hakikuwa cha mafua.

Ungependa nikuambie kwamba Bana Mulenga alirudishwa. Hakurudishwa. Kapasa alimuita mutoto wa dada yake, naye akatandaza palepale. Bana Mulenga akaanza kukaanga vitumbua, na moshi unamuumiza macho. Mama yangu alininunia kwa kazi niliyoiacha, na alikuwa na haki yake. Mimi nikarudi kwa sombe. Kapasa akipita nampigia magoti kumsalimia, kama heshima inavyotaka, ila magoti yenyewe yananuna.

Sasa weye. Kukubali kazi halafu roho ikakataa si zambi, mwanangu. Watakuambia maji yakimwagika hayazoleki. Waache waseme, neno la kazi si maji. Lakini kauliza nani alikaa pale mbele yako, na alitokaje. Kazi ambayo mwenzako alitolewa kimya, na weye utatolewa kimya. Ukikuta alitoka kwa heri, kula chakula chako na uende kazini, acha kuniumiza kichwa. Ukikuta kuna uchafu, rudi mapema, samaki ingali mbichi, kabla watu hawajaweka maisha yao juu ya neno lako. Rudi mwenyewe. Usitume mesaji, usizime simu, usijifanye mugonjwa. Ulichokwisha kutandaza, kikaushe kwanza. Na usimhurumie mutu mugongoni kwake ukajiita muzuri. Mwulize yeye anataka nini, hata kama atakushikia mwiko.

Ukifanya vile unaweza kupoteza, sikufichi. Mimi nilipoteza. Lakini Bana Mulenga namuangalia machoni, na Kapasa anaponiona ndiye anayetafuta kitu cha kuangalia ziwani.

Mungu aliyetuvusha maji tukiwa na nguo za mwilini tu akupe kazi ambayo hakuna aliyelia ili weye uingie. Akubariki mikono. Na hasira yako pia aibariki, isikuozeshe moyo, ila ikusimamishe wima mbele ya watu. Amina, mwanangu. Enda.