Taa Wapigiwe Pampu

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za nyumba yetu ya Shinyanga, miaka ile ya sabini, ni ya mapovu. Bluku, bluku, bluku, kutwa kucha, sebuleni kando ya redio, kama uji unaochemka bila moto. Yalitoka kwenye tangi la kioo ambalo chini yake ulitandazwa mchanga wa mto Mhumbo. Baba aliupepeta mchanga ule kwa chekeche la unga, akauosha mara saba mpaka maji yakatoka meupe, maana waliolala ndani yake walikuwa na matumbo laini na punje moja kali ingewachana. Walikuwa samaki wawili bapa, wa duara, wenye madoa na mwiba wa sumu mkiani. Walijifukia mchangani yakabaki macho tu yakikutazama. Mzungu mmoja mpima madini ndiye aliyewaleta kutoka mito ya Amerika ya Kusini, na alipofunga mizigo kurudi kwao akamwachia baba, fundi wa mitambo ya kuchambulia pamba, aliyekuwa akimtengenezea pampu yake ya hewa. Baba alikuwa mzaliwa wa Pangani. Siku alipowaona mara ya kwanza machozi yalimlengalenga. "Subhanallah! Taa wa maji baridi!" Taa ndivyo watu wa pwani wanavyowaita samaki bapa wa aina ile.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa ameachika, amerudi Pangani, nami nikabakizwa kwa baba. Ndipo akaletwa Minza, binti wa Kisukuma kutoka Mhunze, aliyesilimu akaitwa Mariamu, jina ambalo yeye mwenyewe alilitamka Maliamu. Nilimchukia, na sina maneno ya kulipamba hilo. Aliamka kabla ya kuku, akanichemshia maji ya kuoga, akanisuka bila kunivuta nywele, na mimi nilikaa namtafuta kosa kama mtu anayetafuta chawa. Kosa lake lilikuwa Kiswahili. Alisema "samaki hii" na "mtoto ile", nami nikamwigiza mbele ya wageni, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba naye alicheka, kisha akamtupia methali aipendayo: "Asiyejua maana haambiwi maana." Minza aliinamisha kichwa, akaendelea kumimina chai.

Wiki yake ya kwanza aliniuliza samaki wale wanaitwaje. Nikamjibu bila kupepesa macho, "Wanaitwa chapati." Akaamini, kwani kweli walifanana nazo. Jioni tukiwa tunakula, akamwambia baba kwa fahari ya mtu aliyejifunza kitu kipya, "Baba Zuhura, chapati zimekula nyungunyungu zote." Baba alicheka hadi chai ikampalia, lakini hakumsahihisha. Tangu siku hiyo ikawa chapati hivi, chapati vile, mmoja wetu akisema kwa dhati na wawili tukijiuma midomo. Wahenga wanasema kuuliza si ujinga. Wahenga hao hawakuwahi kuishi kwetu.

Pampu ya hewa ilikula umeme, na umeme wa Shinyanga tunaujua. Kwa ajili hiyo baba alitundika ukutani mpira wa ndani wa tairi la lori, wenye kipira chembamba cha kutumbukizwa majini. Umeme ukikatika, unaujaza upepo kwa pampu ya baiskeli, unapumua polepole ndani ya tangi, na samaki wanaishi. Mimi nilikuwa msaidizi wake, nilijua kila hatua. Minza hakuwa ameuona ukifanya kazi, kwa sababu mwezi ule mzima tangu aolewe umeme haukuwa umekatika. Pampu aliyoijua yeye ilikuwa ya karabai, taa yetu ya mafuta, ambayo usipoipiga pampu haitoi mwanga.

Siku moja baba aliitwa Geita kutengeneza mtambo, safari ya siku tatu. Lori lilikuwa linapiga honi nje, naye anavaa viatu mlangoni. "Mariamu, umeme ukikatika, taa wapigiwe pampu. Usije ukasahau!" Akaruka ndani ya lori. Mimi niliisikia ile "wapigiwe", nikajua anasema samaki. Minza alisikia taa, akasikia pampu.

Umeme ulikatika kesho yake, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Mapovu yakakoma. Minza akatoka mbio chumbani na karabai, akaijaza mafuta aliyoyapangia foleni, akaiwasha katikati ya mchana mweupe, akaanza kupiga pampu huku jasho linamtiririka. Nyuma yake samaki wametoka mchangani, wanapanda kioo, matumbo meupe nje, vinywa vinafunguka na kufungika. Mpira uko juu ya kichwa changu. "Zuhura mwanangu, nimepiga sawa?"

"Ongeza," nikamwambia.

Akaongeza. Mpaka adhuhuri alinirudia mara nne au tano, na kila mara nilimwambia bado, ongeza. Nilikuwa na hesabu yangu: hawa wakifa, huyu atafukuzwa, na huyu akifukuzwa, mama atarudi. Kufika alasiri wote wawili walikuwa wameelea.

Baba aliporudi hakupiga kelele. Alitumbukiza mkono, akawagusa, akasema, "Nilikuambia taa wapigiwe pampu."

"Nilipiga, Baba Zuhura. Nilipiga mpaka mafuta yakaisha." Akaileta karabai, imejaa masizi.

Baba aliitazama, na nikaona kabisa ameelewa, hata pembe ya mdomo ikamcheza. Kisha akawatazama tena samaki wake, akanigeukia. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilimwambia ni samaki. Akasema mimi mtoto, nisimfundishe."

Minza alinitazama. Alifungua kinywa, akakifunga. Baba akamwacha palepale, talaka imetoka huku mkono wake bado unadondoka maji. Minza alikusanya vitu vyake kwenye kanga moja, akaenda kwa miguu hadi stendi. Mimi nilibaki na kichwa kilichosukwa upande mmoja.

Mama hakurudi, alikuwa ameshaolewa Tanga. Baba alioa mwanamke wa Tabora mwenye Kiswahili kikali kuliko kisu, na miaka yote minane niliyokaa naye alinichinja nacho. Stahili yangu.

Siku hizi Kiswahili kimefika kila zizi la Usukumani, na watoto wa Mhunze wanakizungumza kutupita sisi tuliojiona ndio wenyewe. Mwaka jana nilikwenda Katoro harusini, nikapita sokoni, nikamkuta bibi mmoja muuza mchele anaongea na simu, Kiswahili kinateleza, anatania na kucheka. Nilimjua kwa kicheko, ingawa kwetu alikicheka mara chache mno. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamwambia mimi ni nani na nilifanya nini, yote, nikilia mbele ya watu wazima. Alisawazisha mchele wake kwa kiganja.

"Nilijua siku ileile. Nilikuona ukiwatazama."

"Sasa mbona hukujitetea, mama?"

"Kwa Kiswahili kipi? Si kila nikifungua mdomo mlikuwa mnacheka?"

Nikamwomba msamaha. Akachukua kopo lake la kupimia, akaniuliza nachukua kilo ngapi. Nikasema sikuja kununua.

"Basi sogea," akasema, "wenzako wanasubiri."