Njuga za Baba Mkwe

Wajukuu wangu hubishana sana kuhusu barabara. Mmoja anasema wenye baisikeli wapewe njia yao, mwingine anasema gari likipiga honi kila mtu akae pembeni, basi. Wakiniuliza mimi nawajibu kwamba niliiogopa baisikeli kwanza, gari nililiogopa baadaye, na hofu ya kwanza ndiyo iliyokuwa kubwa. Wanacheka, wanadhani bibi amechanganya. Sijachanganya kitu. Baisikeli ile ilikuwa ya baba mkwe wangu, na mwanamke wa Kinyakyusa wa wakati wangu hakuwa na kiumbe wa kumwogopa kuliko baba mkwe wake.

Asiyejua mila hiyo nitamweleza. Nilipoolewa, shangazi zangu walinifunda kwamba nisimtazame baba wa mume wangu, wala yeye asinitazame. Nisiseme naye. Nisitamke jina lake hata kama limo katika jina la mtu mwingine. Tukikutana njiani, mimi ndiye wa kutoka: naingia migombani, nampa kisogo, najifunika nguo kichwani, nasimama hivyo mpaka apite. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, lakini heshima yenye meno. Shangazi walisema mkaza mwana akimtazama baba mkwe usoni, mtoto aliye mgongoni mwake atanyauka. Na mimi nilikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, aliyekuja baada ya mimba nyingine kuharibika. Fikiria nilivyokuwa nikitembea.

Njia zetu za zamani zilikuwa na adabu, lakini. Mzee akija alikohoa, au aligonga fimbo yake kwenye shina la mgomba, nawe unapata nafasi ya kujificha bila haraka. Hata gizani ungemjua mkweo kwa kikohozi chake. Cha baba mkwe kilikuwa kifupi na kikavu, kama mtu anayetaka kusema neno akaghairi. Nilikijua kikohozi hicho kuliko nilivyoijua sauti ya mume wangu.

Kisha Wajerumani wakataka barabara pana, itoke bandari ya Mwaya iende mpaka bomani kwao milimani. Uwanda wetu wa Kyela, mvua ikinyesha, hulala majini, kwa hiyo wanaume waliitwa kwa zamu kubeba udongo na kuinua tuta, na pande zote mbili wakachimba mitaro ya kina. Baba mkwe alikuwa miongoni mwao. Alichapwa viboko pale kwa kosa la kukaa chini kabla ya kuruhusiwa. Ungedhani mtu wa namna hiyo ataichukia barabara, lakini yeye aliipenda, kama mtu anavyompenda ng'ombe aliyemvunja mbavu. Kila jioni alikwenda kuitazama.

Baisikeli aliipata wakati vita ya Wajerumani na Waingereza ilipokaribia kwetu. Alikuwa mlinzi wa duka la mzungu mmoja pale ziwani, na mzungu yule alipoondoka mbio kwenda milimani, alimwachia baisikeli akisema atairudia. Hakurudi. Baba mkwe akaanza kujifunza kuipanda juu ya tuta, akiangukia mtaro huu na ule, na kijiji kizima kilikwenda kutazama. Kizima isipokuwa mimi. Mimi nilikaa ndani nikisikiliza vicheko, nikikisia kwa kila kicheko kwamba sasa ameanguka tena.

Alipofaulu, raha yangu ilikwisha. Baisikeli haina nyayo. Siku moja nilikuwa natoka kisimani, mtoto mgongoni, mara upepo ukanipiga mkononi, na gurudumu likapita ubavuni mwangu, na juu yake visigino vya mzee vikizunguka. Visigino tu ndivyo nilivyoviona, Mungu shahidi, lakini nilikaa chini palepale. Nyumbani nilimvua mtoto nikamkagua kila mahali, kope, kucha, kitovu. Usiku sikulala. Nilikuwa naweka sikio kinywani mwake nisikie kama anapumua, naye akikereka, analia, na kila akilia mimi nilijisemea kwamba ndiyo inaanza.

Asubuhi nilimwendea mama mkwe nikalia mbele yake.

"Mama, mzee atamuua mtoto bila kukusudia. Kitu kile hakikohoi."

Aliguna. "Na mwenyewe hasikii, mwanangu. Tangu ile homa ya mwaka juzi, na zile dawa chungu za mzungu, masikio yamekufa. Namwita kula mpaka nimshike bega. Nitasema naye."

Sijui alisema naye vipi. Gulio lililofuata baisikeli ilipita barabarani ikilia. Mzee alikuwa amezitoa njuga zake za ujanani, zile alizofunga miguuni alipokuwa akicheza ngoma, akazifunga kwenye usukani kwa kamba ya mgomba. Zililia kila gurudumu lilipogusa jiwe, na barabara ile ilikuwa na mawe. Watu walimcheka mno. Walisema mzee anakwenda kwenye ngoma gani asubuhi yote hii. Yeye hakusikia kicheko wala njuga, alikanyaga tu. Mimi niliweza tena kutembea.

Tukakaa hivyo miezi michache, kila mtu na nafasi yake, mpaka askari wa Wajerumani waliporudi nyuma na wa Waingereza wakavuka mto Songwe. Mizigo yao ililetwa kwa meli hadi Mwaya, na kutoka Mwaya ilipandishwa milimani kwa motakaa, ndivyo tulivyoyaita magari. Nilisikia la kwanza kabla ya kuliona. Ardhi ilitetemeka chini ya mkeka, na mama mkwe akaanza kukusanya kuku na kuwaingiza ndani. Tulikaa na kuku hao, tumeshikana mikono, mpaka ngurumo ikapotea. Siku chache baadaye moja lilimkanyaga ndama wa jirani, na halikusimama hata kutazama lilichokanyaga.

Ikatangazwa gulioni kwamba atakayesikia motakaa, awe na miguu miwili au minne au magurudumu, aiache barabara. Wazee walilijadili jambo hilo na mume wangu alinisimulia. Baba mkwe aliwaambia wenzake, kwa sauti ile kubwa ya watu wasiosikia:

"Tuta hili nimelibeba kichwani. Mgongo wangu una alama zake. Leo mtu aje na chuma chake aniambie nishuke? Apite ubavuni, nafasi ipo."

Mwenzake mmoja akamwambia, "Nafasi ipo, ndugu yangu, lakini chuma hakijui mzee wala mtoto. Na wewe imesemwa ushuke ukisikia. Utasikia kwa masikio gani?"

Mume wangu alisema baba yake hakulisikia swali hilo.

Mimi nililisikia, na halikunitoka. Kila ardhi ilipotetemeka nilisimamisha kazi nikategea njuga. Nilikuwa nimezizoea kama kitu cha kunilinda mimi, na sasa nilizisikiliza kwa ajili yake.

Siku yenyewe nilikuwa nimekwenda Mwaya kununua chungu. Wanawake wa Kikisi walikuwa wameleta vyungu kwa mitumbwi kutoka upande wa Matema, nikachagua kimoja kikubwa cha kuivishia ndizi. Narudi nacho kichwani, mtoto amelala mgongoni. Mvua ilikuwa imenyesha, tuta linateleza, mitaro imejaa. Nilipokaribia lile daraja la magogo, mahali tuta linapokuwa jembamba, nikasikia njuga nyuma yangu.

Nilifanya nilivyofundwa. Nilishuka upande wenye migomba, nikavuka mtaro kwa kukanyaga gogo, nikatua chungu, nikajifunika nguo, nikaupa mgongo barabara. Mbele yangu nikawa naona jani moja la mgomba na siafu wanaolipanda. Ndipo siafu wakaanza kutikisika pamoja na jani.

Motakaa lilikuwa linatoka Mwaya, nyuma yake. Nikajiambia atashuka. Nikangoja njuga zinyamaze. Zilikuja vilevile, polepole, cheki, cheki, za mtu asiye na haraka na asiye na habari. Honi ikalia. Njuga hazikunyamaza. Ikalia tena, ndefu, karibu zaidi, na njuga zikaja.

Naogopa hata sasa ninapoandika. Kupiga kelele kulikuwa bure, angesikia nini? Kumrushia jiwe, labda, lakini jiwe lenyewe liko wapi katika matope? Mgongoni mtoto alikuwa anapumua shingoni mwangu, joto. Nilijua jambo moja tu ambalo lingemtoa mzee yule barabarani, na ndilo nililoambiwa kwamba litamuua mwanangu. Nilimwomba Mungu anipe lingine. Honi ikalia mara ya tatu.

Nikavuka lile gogo, nikapanda tuta, nikasimama katikati ya barabara mbele ya baisikeli. Nikaishusha nguo ya kichwani mabegani. Nikamtazama usoni.

Ulikuwa uso wa mume wangu uliozeeka. Hilo sikulitarajia. Macho yalinitazama kana kwamba sikuwa mtu, mdomo ukafunguka, na hofu niliyoiona humo sijaiona tena kwa mtu yeyote, na haikuwa ya motakaa. Motakaa hakuwa amelijua bado. Alikuwa ananiogopa mimi. Akakata usukani na kwenda zake mtaroni, yeye na baisikeli na njuga, akimkimbia mkaza mwana wake.

Nami nikaruka upande wa migomba, nikaanguka kwa mikono na magoti ili mtoto asiwe chini. Gari likapita kati yetu. Matope yalitufunika. Dereva alipiga kelele kwa lugha yake akaendelea mpaka darajani, magogo yakanguruma, akaenda.

Kisha kimya, isipokuwa njuga. Gurudumu lilikuwa likizunguka peke yake ng'ambo ya tuta na njuga zikilia kidogo kidogo, mpaka nazo zikaacha. Mtoto akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimeshaupa mgongo barabara na kujifunika tena; sijui ni lini nilifanya hivyo. Nilitaka kwenda kumtoa majini. Nilitaka kumwita. Hakuna hata kimoja nilichoweza, nikasimama pale nikisikiliza maji ya mtaro, nikidhani nimemuua.

Akakohoa. Kifupi, kikavu.

Nikachukua chungu changu, kilikuwa kizima, nikaondoka ili naye apate kutoka.

Nilimweleza mama mkwe yote usiku uleule, na tukaanza kungoja, mimi na yeye. Kila alfajiri alikuja mlangoni kabla ya kuwasha moto wake na kuuliza, "Amenyonya?" Nikasema amenyonya. Mtoto akipiga chafya nilikufa. Akilala sana nilimwamsha, asipolala nilijua mwisho umefika. Mwezi ukaandama, mwingine ukaandama, mtoto akazidi kunenepa, akaota meno, akaniuma. Hofu haikuondoka siku moja. Ilichakaa taratibu kama nguo.

Baba mkwe alikuwa ameteguka goti, akachechemea kwa muda mrefu. Baisikeli aliitundika ukutani. Siku moja mama mkwe alikuja na zile njuga mkononi, zimesafishwa matope.

"Mzee anasema zifungwe mguuni pa mtoto. Anaanza kutambaa, na barabara iko karibu. Uzisikie."

"Na yeye atapita na nini?"

"Kwa miguu. Anasema akiwa kwa miguu anaweza kukohoa vizuri."

Nilizifunga. Mtoto alisimama, akatembea, akawa kengele ya nyumba. Kwa muda mrefu kila zilipolia mwili wangu ulisimama wenyewe ukageuka kutafuta migomba, kabla sijakumbuka ni nani.

Alasiri moja niliacha kuzisikia. Nilitupa mchi nikakimbia kuelekea barabarani, na katikati ya migomba nikakutana nazo zinarudi, na pamoja nazo kikohozi. Nikageuka papo hapo nikajifunika. Nyayo zikasimama. Mzee alikuwa amemrudisha mtoto kutoka kwenye tuta. Nikasikia akiinama, maana goti lake lililia, akamwambia mtoto kwa sauti ambayo ingefika mpaka ziwani:

"Mwambie mama yako ndaga. Mwambie, kwa siku ile. Ndaga."

Ndaga kwetu ni asante, lakini mtoto hakuwa amejua kusema hata "mama". Mzee alingoja kidogo, akakohoa, akaondoka zake.

Nilimjibu. Nilimjibu kwa sauti yangu yote, mgongo wangu kwake, maneno niliyokuwa nimeyabeba tangu mtaroni, na nilimwita baba, kwa sababu nilijua hasikii.