Choo cha Ufukweni Ngeleka

Atupele alikuwa na miaka hamsini na tisa alipopanda ndege kwa mara ya kwanza, kwenda Australia kumsaidia binti yake aliyejifungua. Binti huyo, Beatrice, ni muuguzi, ameolewa huko na anaishi katika mtaa ulio kando ya bahari. Atupele aliporudi, wenzake wa Ngeleka, ufukwe mdogo wa Ziwa Nyasa karibu na Itungi anakoanika usipa, dagaa wa ziwa hilo, walitaka awasimulie maghorofa. Yeye akawasimulia choo.

Siku hiyo alikuwa akitembea ufukweni na Beatrice, haja ikambana. Beatrice akamwonyesha kijumba cha matofali. Atupele akaenda, akasimama mlangoni, akangoja mpaka binti yake akamfuata, mtoto mgongoni.

"Mama, mbona huingii?"

"Namsubiri mwenye ufunguo."

"Ufunguo wa nini? Mlango uko wazi!"

Ndani mlikuwa na maji, sabuni, karatasi, na chumba kipana cha mtu wa kiti cha magurudumu. Nje palikuwa na bomba la kujisuuza mchanga, na jingine la maji ya kunywa, ambalo chini yake kulikuwa na kibakuli cha mbwa. Cha mbwa! Alipotoka, Atupele alikaa kwenye benchi. Beatrice akadhani amechoka. Wala. Alikuwa amekasirika, na hasira yake haikuwahusu watu wa pale.

Maana hata Ngeleka choo kipo. Kina milango sita, bati la buluu na tangi la maji. Kilijengwa na mradi, kikazinduliwa kwa ngoma na utepe, kisha kikapigwa kufuli. Funguo alibaki nazo mwenyekiti wa kitongoji, Nelson, akawa anafungua wageni wakija kukagua. Wanawake wanaoanika usipa pale kutwa nzima wakaendelea kuingia kwenye matete ya mtoni, kama zamani. Atupele naye aliingia humo miaka miwili bila kusema neno. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alikuwa amezoea.

Aliporudi Ngeleka, alimwendea Nelson mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa suala liko kwenye kamati. Mara ya pili Nelson alicheka tu.

"Mama Beatrice, Ulaya imekuharibu."

Kwake Ulaya na Australia vilikuwa kitu kimoja.

Mwezi wa tatu mvua ziliujaza mto. Tausi, mchuuzi wa Bondeni aliyekuwa akifuata usipa kila Ijumaa, aliwaaga wenzake kwamba anachepuka kidogo. Wakasikia ukelele. Walipofika kwenye matete, mamba alikuwa amemkamata mguu wa kushoto, naye ameng'ang'ania mizizi kwa mikono miwili. Walimpiga yule mamba kwa makasia na ndoo mpaka akaachia. Tausi akapakiwa kwenye gari la mchanga, akakimbizwa hospitali.

Atupele hakupita nyumbani. Alikwenda na kitenge chenye damu moja kwa moja kwa Nelson, akamkuta anakula.

"Nipe funguo."

"Pole sana, mama, nimesikia. Mungu atamsaidia. Lakini elewa, kile ni choo cha mradi. Mkikichafua, wageni wakija tutawaonyesha nini?"

"Waonyeshe mguu wa Tausi."

"Usinivunjie heshima nyumbani kwangu."

"Heshima ipi? Umekilinda choo kisitumike, mwanamke ameliwa na mamba akitafuta pa kujisitiri, na wewe wali unakushuka?"

Funguo hakupewa. Tausi alikatwa mguu chini ya goti.

Wiki tatu baadaye wageni wa mradi wakafika. Nelson alikuwa amefungua milango yote sita na sakafu imepigwa deki. Alikuwa bado anaeleza jinsi wananchi walivyokipokea choo, wanawake wakaanza kupanga foleni, Atupele mbele. Aliingia, akafunga mlango, akatoka, akanawa mikono. Akafuata mwingine. Foleni ikafika mpaka kwenye mitumbwi.

"Mbona wengi hivi kwa mpigo?" aliuliza mgeni mmoja, mama wa makamo.

"Kwa sababu leo ndiyo siku yetu ya kwanza," Atupele alimjibu. "Huu mwaka wa tatu tangu kijengwe. Mwenzetu mmoja hakuiwahi siku hii. Yuko hospitali, mguu mmoja hana."

"Ni changamoto ndogo tu ya…" Nelson alianza.

"Nyamaza!"

Atupele hakuwa amewahi kumwambia hivyo mwanamume mwenye cheo. Yule mama akanyoosha mkono, akapokea funguo kwa Nelson, akawakabidhi wanawake. Kufuli zote sita Atupele alizitupa ziwani, watu wakiangalia.

Sasa choo kiko wazi na wanakisafisha kwa zamu. Nelson bado ni mwenyekiti, na kwenye mkutano uliofuata alijipongeza kwa kuhamasisha usafi. Atupele alisimama akatoka nje, maana angekaa angemrushia kiti.

Tausi haji tena ufukweni. Anauzia usipa kibarazani kwake Bondeni, mkongojo umeegemezwa ukutani, na Atupele humpelekea mzigo mwenyewe.

"Ndaga, dada," Tausi alimwambia juzi. Ni shukrani ya Kinyakyusa aliyojifunza sokoni.

"Usinishukuru. Ningepiga kelele mapema, ungekuwa na miguu yako miwili."

"Wewe peke yako? Na mimi si nilinyamaza?" Tausi akavuta dishi karibu. "Hebu nishushie huo mzigo, wateja wanangoja."