Mfano Niliouweka Kwenye Mwongozo

Mnicheke tu, lakini nilikuwa hoi. Wiki nzima nilikuwa naandika mwongozo wa mfumo wetu wa kukusanya taarifa za kontena, yaani zile programu zinazojiendesha zenyewe kwenye kompyuta kubwa. Nani husoma mwongozo? Basi kwenye mfano wa taarifa ambayo kila kontena huituma kwenye skrini ikiwashwa, nikaandika ya moyoni: “Nimechoka. Mkubwa wetu haelewi kitu.” Ofisi nzima hapa Berea, ugenini huku kusini, anayejua Kiswahili ni mimi peke yangu.

Nilisahau kwamba mafundi wa programu hawasomi, wananakili. Mwenzangu aliunakili mfano wangu kama ulivyo, akauingiza kwenye programu zenyewe. Siku ya kumwonyesha mteja mfumo, kontena zikawashwa, na skrini ya ukutani ikajaa maneno hayo juu hadi chini.

“Eish, inasemaje hiyo?” meneja, mkubwa wetu huyohuyo, akaniuliza kwa Kiingereza.

“Inasema mfumo uko salama,” nikajibu.

Mteja, mama mpole wa Kirundi mwenye maduka mtaa wa jirani wa Overport, akaniinamia. “Kaka,” akasema kwa Kiswahili, taratibu, “kama hiyo ndiyo salama, siku ikiharibika itamsema vipi mkubwa wenu?”

Kisha akamgeukia meneja, akaanza kumtafsiria.